Kabati Lililokataa Kuingia

Walukuba, Jinja
3 Februari 2025

Mdogo wangu Hamuza,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na masikio yako, hata kama hayo masikio yenyewe siku hizi hayana habari. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Mwanangu Shakira anakusalimu kutoka Dubai. Bado yuko kwenye ile saluni, na kila Ijumaa ananipigia kuniuliza kama nimekula, kana kwamba mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyempikia yeye tangu aote meno atasahau njia ya jikoni.

Nakuandikia kwa sababu simu kati yetu imekuwa vita. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani yangu Nuriat akaja kuuliza nani amekufa, nawe ukanijibu "Alhamdulillahi" ukakata. Sasa soma polepole, hapa hakuna kelele. Nahama nyumba.

Unajua Desemba nilianguka bafuni. Nilikaa sakafuni tangu adhuhuri mpaka alasiri nikilitazama dari langu kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu marehemu mume wangu alipigilie. Lina buibui wengi, na wote wanene. Shakira aliposikia alilia, kisha akatafuta, akapata hapa hapa karibu, Budondo, makazi ya wazee. Ni vijumba vya matofali, viwili viwili vimeshikana ukuta na baraza moja. Kuna jiko la pamoja, kuna muuguzi, kuna bomba. Wamo Waislamu, wamo Wakristo, wamo askari wastaafu. Msimamizi ni mama mmoja anaitwa Topista, mpole kabisa, lakini akishaitazama mizigo yako unajua hutashinda. Kila mtu anaruhusiwa kitanda, kiti kimoja na sanduku moja. Sanduku moja, Hamuza! Mimi ambaye nina sanduku zima la vifuniko vya sufuria ambazo hazipo tena.

Sasa neno lenyewe. Chumba kinachoshikana na changu ni kitupu. Topista amekubali kukishikilia mpaka katikati ya Julai, siku nitakayoingia. Nimemwambia nina mdogo wangu Mbale, amefiwa na mke, anakula ovyo, hasikii vizuri. Njoo tukae pale, ukuta mmoja. Nakuhurumia, peke yako katika nyumba kubwa ile tangu Nusifa atutoke.

Nijibu kwa mkono wa Wahab, mtoto wa yule rafiki yako marehemu. Analeta kabichi na vitunguu Jinja na lori lake, anarudi mtupu, na amekubali kuwa posta yetu.

Dada yako,
Hajarah


Mbale
20 Februari 2025

Dada yangu Hajarah,

Waalaikum salaam. Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu, nikaipenda zaidi. Huku mvua bado, vumbi tu, hata mlima hatuuoni. Mimi mzima. Jino moja limeondoka bila kuaga, lakini halikuwa na kazi nyingi.

Dada, makazi ya wazee? Wewe, binti wa Mzee Masaba? Tangu lini sisi tukapeleka mtu wetu mahali pa watu wasio na watu? Niliposoma nilisimama kwa hasira, kisha mgongo ukanikumbusha nikaketi, nikaendelea kukasirika nikiwa nimeketi. Watu watasema nini? Watasema Hamuza ana nyumba mjini Mbale na dada yake analala kwa Topista.

Hata hivyo wewe ni mkubwa wangu na goti ni lako. Ukiamua, umeamua.

Ila mimi kuhama siwezi. Nyumba kubwa inataka mtu wa kuitazama. Ukiiacha wiki mbili, paka wanaitisha mkutano ndani. Mshukuru huyo mama kwa niaba yangu, chumba ampe mwenye shida.

Na vitu vyako usiwagawie watu baki. Niletee mimi. Nafasi ipo ya kutosha.

Ndugu yako,
Hamuza


Walukuba, Jinja
9 Machi 2025

Hamuza,

Ramadhani njema. Funga inakwendaje? Mimi daktari amenikataza kwa sababu ya sukari, kwa hiyo mchana nakula nimefunga madirisha, mwizi wa mkate wangu mwenyewe. Shakira mzima. Goti linakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikairudia, nikitafuta sentensi moja ndogo: "Dada, kama unahama, hamia kwangu." Sikuiona. Huenda ilidondoka njiani, lori la Wahab linarukaruka sana. Haidhuru.

Nimeanza kupunguza vitu. Ukitaka kumpata mjinga, mwambie mtu apunguze vitu vyake. Siku ya kwanza nilifungua sanduku la nguo nikaapa kutoa nusu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimetoa kitambaa kimoja, na alasiri nikakirudisha kwa sababu nilikionea huruma. Nina makopo ya maziwa ya unga ambayo mtoto aliyeyanywa sasa ana mvi. Nina funguo za milango ambayo hata kuta zake zilishabomolewa. Nina mabaki ya vitambaa ya miaka yote ya ushonaji wangu, niliyoyaweka nikisema yatafaa siku moja. Siku hiyo nadhani ilikuja nikiwa msalani.

Kisha nikapata gauni la Idd, la hariri ya kijani, la enzi zile nilipokuwa bado na kiuno. Nikasema nilijaribu kabla ya kulitoa. Ndugu yangu, kuingia liliingia. Kutoka ndiko lilikokataa. Nikabaki mikono juu, kichwa ndani, naita "Nuriat! Nuriat!" mpaka akaja na mkasi, mkasi wangu mwenyewe wa ufundi, akanichuna kama mbuzi wa Idd. Mimi niliyewapima wake za wakubwa wa Jinja bila kukosea hata inchi, kumbe kipimo changu sikijui.

Basi, kwa kuwa umesema una nafasi, Wahab anakuletea kabati la vioo na sufuria ya shughuli, ile kubwa. Unajua sufuria ile ilivyo. Mtaa huu haujaozesha mtoto wala kuzika mzee bila kuja kuigonga mlangoni kwangu. Nuriat aliitaka, nikamwambia hapana, iende kwa damu yangu. Baada ya Idd nitakuja mwenyewe kuona umeviweka wapi.

Dada yako,
Hajarah


Mbale
17 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Idd njema iliyopita. Nisamehe kuchelewa. Nilishikwa na mafua, na mafua yalipoondoka yaliniachia uvivu wake.

Vitu vilifika salama. Kabati linapendeza mno, kila anayepita anasimama kulitazama. Kuna mama jirani, Dorothy, anapika chapati. Huyo hawezi kuanza asubuhi bila kulifungua. Na sufuria imenipa heshima ambayo sikuitegemea. Sebule yangu siku hizi haiishi wageni.

Kuhusu kuja kwako, ngoja kwanza. Napaka nyumba rangi. Harufu ni kali na kifua chako nakijua. Nimechagua rangi ya maziwa. Vyumba ni vingi, unajua mwenyewe, na mafundi wa siku hizi wanapaka ukuta mmoja wanapumzika wiki nzima. Nikimaliza nitakuita.

Hilo la Budondo tuliache, dada. Mtu mwenye nyumba hahami akaenda kukaa chumbani. Unanijua mimi, navaa koti kwenda kununua chumvi. Nikifika pale na kisanduku kimoja mkononi, koti lenyewe litaona haya.

Salamu kwa Shakira na kwa goti.

Hamuza


Walukuba, Jinja
5 Mei 2025

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia habari za rangi. Ni ya maziwa ya ng'ombe au ya unga? Nijulishe, nina makopo.

Na kabati, umelielekeza wapi? Ningekuwa mimi ningeliweka kando ya lile dirisha la upande wa mlimani. Au kuna kiti pale? Na ule mlango wa sebule wenye mabawa mawili, bado unafunguka vizuri, au umevimba kwa mvua? Nauliza tu. Mtu aliyebakiwa na sanduku moja anapenda kusikia habari za vyumba vya wenzake.

Wahab aliporudi safari ile ya kabati alikunywa chai hapa. Tulizungumza. Ni kijana mwenye adabu, ukimuuliza habari za mtu mwingine anatazama kikombe. Nilimpa maandazi.

Huku nyumba yangu inapungua. Viti vimekwenda kwa imamu. Vyungu amechukua mke wa fundi baiskeli. Juzi nilikwenda kuketi mahali ambapo kiti kilikuwepo miaka ishirini, nikaikuta sakafu. Nuriat amesema safari hii hataleta mkasi.

Cherehani inaondoka Jumamosi, anaichukua binti wa Nuriat. Kabla haijaondoka nimeshona kitu cha mwisho: pazia. Ni la mlango wako. Kitambaa ni kile cha bluu chenye maua madogo, nilichokuwa nimekiweka akiba tangu sijui lini. Litundike leo leo. Akiba umeona ilivyonifanya.

Topista anakusalimu. Chumba bado kitupu.

Hajarah


Jinja
4 Juni 2025

Hamuza,

Mwezi mzima umekwisha. Wahab anasema uko hai. Namshukuru, lakini ningependa kuipata habari hiyo kutoka kwako. Keshokutwa ni Idd kubwa. Usiniache nile nyama na wasiwasi.

H.


Mbale
15 Juni 2025

Dada Hajarah,

Nakuamkia. Idd ilipita, nilikula, nilishiba, nashukuru Mungu. Hiyo ndiyo habari yote niliyo nayo ya kuandika kwa raha. Zinazofuata ni nzito, nami nimeanza barua hii mara kadhaa nikaishia kuandika habari za mvua.

Pazia limetosha.

Pazia la sokoni halitoshi mlango wa mtu. Ama linafagia, ama kuku wanapita chini. Lako limekaa sawasawa, juu ya kizingiti kwa kidole kimoja, na upana limeziba hata ule upenyo wa upande wa bawaba. Nilikaa kitandani nikalitazama. Mlango wa sebule yangu ya zamani ulikuwa na mabawa mawili. Pazia hili lisingefunika hata bawa moja na nusu. Nikasema, dada yangu ameupima mlango huu bila kuuona. Kumbe anajua. Kumbe ananiuliza habari za dirisha la mlimani na anajua!

Basi nikueleze kwa mdomo wangu. Nyumba ilikwenda na Nusifa. Tulipompeleka Kampala, hospitali ile ya matibabu ya damu, niliiuza. Sikujuta jana na leo sijuti, ningekuwa na mbili ningeuza mbili. Aliyenunua alikuwa mwungwana, akanipa nafasi nimzike mke wangu na kumsomea arobaini pale pale. Ulipolala kwenye kile chumba cha wageni siku ya arobaini, ulilala kwa mtu mwingine. Nilikuwa mgeni kama wewe, tofauti ni kwamba mimi nilijua.

Tangu hapo nakaa Namatala, chumba kimoja, nyumba za kupanga, uwanja mmoja na watu wengi. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na msiba wa kwangu tayari mkononi, na kwa sababu mimi ni mpumbavu wa koti. Asubuhi nalivaa, nakwenda mjini, naketi na wazee wenzangu msikitini, jioni narudi kwa njia ya nyuma wasijue naishia wapi. Nadhani wote wanajua. Mzee hatembei kwa kujificha, viatu vyangu vinasikika kote isipokuwa kwangu.

Sasa siku ya kabati. Nilikuwa nimekwambia nafasi ipo, na mtu akishasema uongo anabaki kuulinda kama shamba. Lori likasimama, uwanja mzima ukatoka kutazama. Wahab na vijana wakalileta kabati kifua mbele, likakataa. Wakaligeuza ubavu, likakataa. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakavua mlango wangu kwenye bawaba, likakataa bado. Na mimi katikati, nimevaa koti, natoa amri, "Kushoto! Inua!", wananiitikia "Ndiyo, afande!" huku wanacheka. Wanasema nyumba njema si mlango. Waliosema hivyo hawakuwa na kabati.

Mwisho Dorothy akasema, "Mzee, wewe unasumbua watu bure. Leta hapa kwangu, nitaweka chapati, inzi zitashindwa." Likaenda chini ya kibanda chake, na liko huko mpaka leo, vioo vinang'aa, chapati ndani. Kwa hiyo sikukudanganya niliposema analifungua kila asubuhi.

Sufuria yenyewe ilipita mlangoni, ikakaa katikati ya chumba. Siku mbili tuliishi humo wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Siku ya tatu jirani wa mwisho kule akafiwa na mamake. Wakaja: "Mzee, tunasikia uko na sufuria ya watu wengi. Tuko na matanga." Nikawapa, nikaifuata nyuma, nikaogopa wataipasua. Wakaniweka kiti cha mbele, wakanipa nyama. Dada, nimekaa Namatala karibu miaka miwili bila mtu kunijua jina, na sasa watoto wananiita Mzee wa Sufuria. Hakuna harusi inayoanza sijaulizwa. Wageni wa sebule niliokuandikia ni wa kweli. Sebule tu ndiyo haina paa.

Rangi ya maziwa ilikuwa uongo mtupu. Samahani.

Basi umejua, na sasa utanihurumia zaidi. Ndiyo maana nasema usinishikilie chumba. Sitaki kuja Budondo nikiwa kitu kingine ulichokikusanya ukakosa pa kukiweka. Huku angalau wananiita kwa sababu wananihitaji. Mwambie Topista ampe mwingine, na usikasirike.

Hamuza


Walukuba, Jinja
29 Juni 2025

Hamuza,

Salamu zitakuja nikishapoa.

Nimekasirika. Si kwa sababu ya nyumba, nyumba ni matofali. Nusifa alikuwa wifi yangu, nilimpenda, na ukanifanya nije kula arobaini yake na kulala na kuondoka bila kujua kwamba umebaki nje. Mficha uchi hazai, Hamuza. Ungeniambia ningeuza cherehani, ningeuza kabati, nisingekuletea likakuaibishe mbele ya watu. Nimelia juu ya barua yako. Kisha nilipofika pale wanapovua mlango kwenye bawaba nikacheka mpaka goti likauma, nikaanza kulia tena. Nuriat alinikuta hivyo akadhani ni sukari.

Ndiyo, nilijua. Wahab aliporudi aliketi, akanywa chai, akatazama kikombe. Sikumuuliza zaidi. Mwenyewe akasema, "Hajati, ile kabati imekataa kuingia." Basi. Nikamwambia asimame mlangoni kwangu anionyeshe kwa mikono mlango uliokataa ulikuwa unamfika wapi. Akaonyesha, nikavuta utepe nikapima. Miaka hamsini nimewapima watu kwa namna hiyo, wanawake wanakuja na kusema, "Dada yangu ananizidi hapa na kunipungua hapa." Nikakushonea, nikasubiri useme mwenyewe. Na mimi pia nikajifanya mjanja, nikakuchokoza na dirisha la mlimani, na kila nilipokuchokoza nikajiona hodari. Mdanganyifu hakuwa wewe peke yako.

Ngoja nikuambie na mimi.

Nimekuwa nikisema nakuhurumia. Nimemwambia Topista, nimemwambia Shakira, nimemwambia imamu: mdogo wangu maskini, lazima nimchukue. Wakanisifu sana. Huku nyumba imekwisha, Hamuza. Nimebakiza kitanda, kiti na sanduku, na nikikohoa, ukuta unanijibu. Wiki iliyopita Topista alinipa ufunguo wa chumba changu nikakizoee. Ni kizuri. Kuna dirisha, kuna ndoano ya kutundikia kanga. Nikaingia, nikafunga mlango, nikaketi kitandani, na nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku niliyoanguka bafuni. Pale bafuni nilijua Nuriat atakuja tu. Pale Budondo hakuna anayejua nikinyamaza ni kwa sababu nimelala au nimekufa. Namjua mtu mmoja tu, mzee Semei, askari jela mstaafu, ambaye ananipigia saluti na kusema "Jambo, madam" kisha anaendelea na njia yake. Nikatoka nje nikamwambia Topista nimesahau kitu nyumbani. Sikusahau kitu. Juzi nimekwenda tena, nikasahau tena.

Sitaki kuingia peke yangu. Nimeona haya kuliandika hili, mimi Hajati mzima niliyekwenda Makka na kurudi. Ningalikuwa nimelisema mwanzoni, lakini ni rahisi zaidi kumhurumia mtu mwingine.

Jumanne ya tarehe kumi na tano Julai ndiyo siku yangu ya kuingia. Sikuombi tena kwa ajili yako. Wewe una Namatala yako, na nimefurahi kwa moyo wote kwamba wanakuita. Nakuomba kwa ajili yangu.

Dada yako,
Hajarah


Namatala, Mbale
4 Julai 2025

Dada yangu,

Barua yako imefika asubuhi hii, nami naijibu saa hii hii. Wahab anapiga honi nje na naisikia mwenyewe, kwa hiyo majirani wanaumia.

Nakuja, na nakuja kukaa. Mwambie Topista chumba kile kina mwenyewe.

Nimekwisha kuaga uwanjani. Dorothy alisema, "Mzee, unaenda kutafuta nini kwa wazee? Wewe uko na sisi." Nikajifanya sijasikia, hii ndiyo faida pekee ya masikio yangu. Kabati ni lake. Sufuria nimeiacha hapa, matanga ya Namatala ni mengi kuliko ya kwenu. Wanataka kunifanyia chai ya kuniaga, na mimi ndiye nitakayegharimia sukari. Kuhusu mizigo, usihangaike. Nimekusanya vyote nilivyo navyo, nikaviweka sandukuni, bado sanduku linagongana lenyewe ndani. Nitaomba kwa Dorothy kitu cha kulijaza, nisiingie pale nikionekana mtu asiye na mali.

Dada, ulipoolewa, mama alikataa uondoke Mbale peke yako. Alisema mwari haingii nyumba ngeni bila ndugu yake. Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, suruali ya kuazima, nikaketi nawe nyuma ya gari mpaka Jinja. Ulilia kutoka Tirinyi mpaka Iganga na ukaniapisha nisimwambie mtu. Sijamwambia. Tulipofika ulitaka nishuke mbele yako, nikashuka, nikaingia kwanza, nikakuita.

Mtu akitaka kunisaidia najificha. Huo ni ugonjwa wangu, nitakufa nao. Lakini ungeniandikia Februari neno hili moja, naogopa, ningekuja siku ile ile nimeketi juu ya kabichi.

Nitafika Jumatatu, siku moja kabla. Basi likiharibika nitafika Jumanne hiyo hiyo, hata kama ni jioni. Kaa pale getini na sanduku lako, mwombe Semei akuwekee kiti. Topista akikuharakisha, mwambie unamngoja mtu.

Usiingie kabla sijafika.

Ndugu yako,
Hamuza